Fundi wa Vigae wa Busale

Fundi alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kuingia hata katika jengo ambalo halijawekwa milango. Alivipanga kizingitini visigino vikitazama ndani, akaingia pekupeku, akalala kifudifudi na kubandika shavu sakafuni. Mtu mzima huyo, mwenye mvi, mzee wa kanisa. Mara ya kwanza kuyaona hayo nilidhani kifafa kimemshika, nikapiga magoti kumpima mapigo ya moyo, maana mimi ni mkunga na nimezoea kumkimbilia mtu aliyelala vibaya. Akaniambia bila kufumbua macho, "Niache kidogo, Sista. Nasikiliza unyevu."

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, alijifunza kazi kwa nani, sikuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kusema. Mafundi Kyela walikuwa wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamtaja yule wa vigae wa Busale. Nami nilimtaja sana. Kuna miezi nilimtaja kuliko nilivyomtaja Mungu, na si kwa wema.

Nilimhitaji kwa sababu nilikuwa nimekwama. Shamba la chai nililokuwa muuguzi wake kule juu Tukuyu lilipata mwenye mali mpya, tukapunguzwa kazi. Nikateremka Kyela na kiinua mgongo, vyeti vyangu vya ukunga, na mama yangu mzazi niliyemchukua kutoka Ngana aje tuishi pamoja. Ilikuwa miaka ile ya mageuzi. Ruhusa ilikuwa imetoka kwamba hata mtu binafsi anaweza kufungua zahanati, na kila mwenye chumba cha ziada alikuwa anafungua kitu: mashine ya kukoboa, genge la mitumba, banda la video. Mimi nikajenga vyumba vitatu ubavuni mwa nyumba yangu, kimoja kikiwa cha kuzalishia.

Bwana Afya wa wilaya alikuja, akasimama katikati ya chumba hicho, akakwangua sakafu kwa ncha ya kiatu. "Saruji tupu inakunywa damu, Sista. Unaijua kazi hii kuliko mimi. Weka vigae chini, na ukutani vifike kifuani. Bila hivyo hili ni ghala la mpunga." Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli. Lakini mpaka nipate kibali chake nilikatazwa kumgusa mjamzito yeyote pale kwangu.

Wajawazito hawakujua habari za kibali. Walijua tu kwamba Sista amerudi. Masika ile, barabara ya Mwaya ikiwa imejaa maji, mmoja aliletwa mbele ya nyumba yangu juu ya baiskeli, amemshika mumewe kiunoni, meno yameumana. Nilimwambia mumewe aendelee naye hospitali. Nilisema maneno hayo mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshika mlango wa chumba chenye kitanda kilichotandikwa. Hawakufika. Alijifungulia kando ya mfereji karibu na soko, kwenye tope, nami nikakimbia na khanga yangu nikamkuta kichwa cha mtoto kimeshatoka. Mtoto alilia na mama yake alipona. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpelekee nani.

Wakati huo nilikuwa tayari nimeshaharibu sakafu mara moja. Sisi watu wa Kyela tuna ugonjwa wa kuupenda udongo wetu. Ule mweusi wa majarubani ndio unaotoa mchele ambao watu wa Dar wanaugombea, kwa hiyo tunaamini hakuna kazi unayoishindwa. Nilipojaza msingi wa jengo niliagiza udongo huohuo, matrekta mawili, tena nikamshukuru shemeji yangu kwa kunipa ule wa jaruba lake bora. Juu yake tukamwaga saruji, na juu ya saruji fundi mmoja kutoka Mbeya, mwenye cheti na kalamu mfukoni, akapanga vigae vyeupe vikapendeza kama meno ya mtoto. Mvua ya tatu ya masika ilipopiga, udongo ulivimba. Vigae viliinuka katikati ya chumba vikatengeneza kichuguu, na vingine vikapasuka. Yule wa Mbeya nilimpigia simu kutoka posta mara tatu. Mara ya tatu mkewe aliniambia amehamia Zambia.

Vigae vipya nilivifuata kwa mzee mmoja mwenye duka mjini, mtu wa asili ya pwani, mpole, mwenye kofia safi siku zote. Aliniuzia, kisha akaweka mkono juu ya boksi. "Vigae ninavyo, mama. Fundi ndiye sina. Hapa yuko mmoja tu, na huyo humpati kwa kumwita. Mtu humpata akitaka mwenyewe." Akanielekeza Busale.

Ndipo Fundi alipokuja na kulala na shavu sakafuni. Alipoinuka alijipangusa vumbi, akanitazama kwa huruma.

"Sakafu yako ni mjamzito," alisema.

"Miezi mingapi?" nikamjibu, maana nami sikosi neno.

"Kila mwaka itazaa. Bomoa yote, chimba mpaka ufike kwenye udongo wa asili, jaza mchanga wa mtoni. Iache ilale. Halafu ndiyo uniite."

Mama yangu alikuwa ameketi uani akipeta mchele. Alimkaribisha chakula, wali na samaki mbasa wa kukaanga, na Fundi ambaye kwangu alisema maneno kumi, kwa mama alikaa mchana kutwa. Walizungumza Kinyakyusa cha zamani, kile ambacho mimi nakisikia nusu. Walikuwa wakijadili mbegu za mpunga zilizopotea, ipi ilinukia zaidi, nani alikuwa wa mwisho kuipanda. Alipoondoka aliinama mbele yake kwa mikono miwili, akimshukuru kama mama yake mzazi, "Ndaga fijo, juba," na mama akamfungia mchele kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo kila alipopita mjini alipitia kumsalimia. Kumsalimia mama, si kuja kazini.

Maana hapo ndipo penye ugomvi wetu. Fundi alikuwa mwongo wa siku. Neno lake lilikuwa "kesho", na alilitoa kwa uso mkunjufu kwa watu wanne asubuhi moja. Wenyeji walikuwa wameshaacha kusikiliza mdomo wake, wakawa wanatazama ndoo. Alikuwa na ndoo moja ya chuma ya kuchanganyia saruji, na ilikuwa ikitangulia. Ikiletwa kwako asubuhi, mwenyewe anafika kabla ya jua kupanda. Isipoletwa, usipoteze chai yako kumchemshia. Mimi nilichemsha chai nyingi.

Huyo mwongo wa siku hakujua kudanganya kuhusu sakafu. Kanisani kwao walimkatalia kubomoa mimbari iliyopangwa vigae vibaya na fundi mwingine, wakisema pesa ya waumini imeshatumika. Alikubali kwa heshima. Lakini alipopangiwa kusoma neno la Jumapili alisoma akiwa amesimama pembeni, chini, na kila alipoulizwa alisema hawezi kupanda juu ya kitu kinachodanganya. Alisimama chini hivyo mwaka mzima mpaka wakabomoa.

Alichukia vigae vya maua. Alichukia kushukuriwa. Alipenda nyimbo za kanisa na alikuwa haimbi vizuri hata kidogo, lakini akiimba ndipo ulijua kazi inakwenda. Alifanya kazi na dada yake mkubwa, mjane, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye ndiye aliyechanganya saruji, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwambia Fundi kwamba mstari umepinda. "Gwe," alikuwa akimwambia kutoka mlangoni, amejishika kiuno, "rudi nyuma vigae viwili." Naye alirudi.

Sasa, kwa nini nilimngoja hivyo? Kwa sababu Fundi alianza na wafu. Kwetu maji yako karibu. Chimba kaburi wakati wa masika, na mara nyingine hata kiangazi, utaona chini panang'aa. Zamani tulivumilia, tukageuza uso jeneza likishuka kwenye maji. Vigae vilipoanza kupatikana madukani, watu wakaanza kujenga kaburi kwa ndani: tofali, lipu, kisha vigae vyeupe chini na ubavuni, ili mtu wao alale pakavu. Kazi hiyo haingoji, inabidi iishe kabla ya maziko, na Fundi alikuwa ndiye aliyeiweza. Akiitwa kwenye kaburi aliacha chochote alichokishika. Aliacha sebule ya mkubwa mmoja wa serikali ikiwa nusu, simiti ikakauka kwenye mwiko.

Nilimuona akifanya kazi hiyo mara nyingi, kwa aibu ninayoisema sasa. Nilikuwa nimeanza kuhudhuria misiba ya watu nisiowajua ili nimkamate. Nikisikia kilio Ngana, naenda Ngana. Nikisikia Mwaya, naenda Mwaya. Nilikaa na wanawake chini, nikapokea ndizi na maharage ya wafiwa, nikajibu nilipoulizwa kwamba marehemu nilimfahamu hospitali. Macho yangu yalikuwa shimoni, ambako kichwa chenye mvi kilionekana na kupotea. Alipanga vigae vya ndani ya kaburi kwa uzi na pimamaji, mistari imenyooka, wakati saa nane mchana vyote vitafukiwa na hakuna jicho litakaloviona tena. Akipanda juu nilimsogelea, nikamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, chumba changu."

"Kesho, Sista."

Nilikuwa nimeshabomoa, nimechimba, nimejaza mchanga, nimemwaga saruji upya, na sakafu ilikuwa imelala miezi. Nilikuwa nimefanya kila alichoniagiza. Ilikuwa imefika hatua nikisikia mtu mzima anaumwa, ninaomba apone kwa sababu zangu mwenyewe. Moyo wangu ulikuwa umekuwa mbaya na nilikuwa nauona.

Kisha Bwana Afya akanipitishia habari kwamba anahamishwa. Angekuja Alhamisi kufanya ukaguzi wake wa mwisho. Nikishindwa siku hiyo, faili langu lingeanza upya kwa mgeni atakayekuja, na mgeni huyo hakuwa anajulikana atakuja lini. Masika nyingine ilikuwa inakaribia. Niliyafikiria maji kwenye barabara ya Mwaya, na yule mwanamke kwenye tope. Ilikuwa Jumatatu asubuhi.

Nilikaa mezani nikaandika barua. Niliandika kwa mwandiko ule wa hospitali, ulionyooka: "Tata, mama amefariki alfajiri. Tunaomba kaburi lijengwe ndani. Njoo leo." Nikampa mnunuzi wa kakao aliyekuwa akienda Busale kwa baiskeli. Nilipomtazama akikata kona nilitaka kumwita arudi, na sikumwita.

Mama alikuwa uani, amenyoosha miguu kwenye jua, anachambua mchele. Alikuwa na afya kuliko mimi. Nilimtazama nikaingia jikoni nikafanya kazi zisizo na maana.

Ndoo ilifika saa tano. Haikutangulia safari hii. Ilikuja kichwani kwa dada yake, na Fundi nyuma yake akisukuma baiskeli, amevaa lile koti jeusi alilovaa maziko tu. Uso wake ulikuwa umevimba. Walipinda ukuta wa nyumba wakaingia uani, na mama yangu akainua macho kutoka kwenye ungo.

"Mugonile, tata," mama alisema. "Karibuni. Mbona leo na koti?"

Dada yake aliishusha ndoo taratibu. Fundi alisimama ameshika usukani wa baiskeli. Alimtazama mama, akanitazama mimi mlangoni, akamtazama mama tena. Alimwitikia salamu, "Ndaga, juba," kwa sauti ambayo nisingeijua kuwa ni yake. Kisha akanijia mpaka karibu.

"Tunamzika nani, Sista?"

"Hakuna, tata," nilisema. "Mkaguzi anakuja Alhamisi."

Hakunitukana. Ningekuwa na la kujibu angenitukana. Alivua koti, akalikunja, akampa dada yake. Akavua viatu akavipanga kizingitini. Aliingia chumbani akalala na shavu sakafuni, na safari hii alilala muda mrefu mpaka nikaogopa. Alipoinuka alinionyesha ndoo, akasema neno moja, "Maji," na hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia mimi kwa siku tatu zote.

Sikuwa nimefikiria jambo moja, mimi mzaliwa wa hapahapa. Hakuna anayempa habari ya kifo mtu mmoja Kyela. Dada yake Fundi alipoisikia habari ile Busale alipiga yowe kama inavyopasa, majirani wakaja, na majirani wana ndugu njiani kote. Saa saba wanawake walianza kuingia uani kwangu kwa vilio, mikungu ya ndizi kichwani, mchele kwenye beseni, mikeka. Wa kwanza alijitupa chini kabla ya kutazama. Mama aliweka ungo pembeni, akamshika bega, akamwambia, "Inuka, mwanangu, utachafua nguo." Yule mwanamke alipiga kelele nyingine ya aina tofauti.

Nilisimama katikati ya watu wale arobaini au zaidi nikasema habari imechanganywa. Nikasema ni mtu mwingine. Maneno yalikuwa yananitoka bila mpangilio, na mwanaume mmoja wa Busale akamgeukia Fundi, aliyekuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi. "Tata, si wewe uliyepata barua?"

Fundi alinitazama. Nilidhani sasa ananimaliza, na ningestahili.

"Nilisoma vibaya," alisema. "Macho yangu yamechoka." Akarudi ndani.

Huyo ndiye aliyekuwa akisoma neno kanisani kila Jumapili, kwa herufi ndogo, bila miwani.

Watu walimcheka, wengine wakamkemea. Mama alisema waliokuja wamekuja, chakula kipikwe, na wakapikiwa mchele wao wenyewe. Jioni, walipoondoka, mama alinifuata jikoni. Alikuwa ameelewa yote, sijui tangu saa ngapi.

"Nimeona watakaonililia," alisema. "Wengine nisingewategemea." Akafunika sufuria. "Ila wewe, mwanangu, uliniandika bila kutetemeka. Dada yake Fundi alinionyesha barua, nikauona mwandiko."

Neno hilo hakulirudia tena mpaka alipokufa, na ningependa angelirudia, tukagombana, likaisha.

Fundi alifanya kazi Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hakuimba. Hakula kwangu, dada yake alileta chakula chao kwenye hotipoti kutoka kwa jamaa mjini. Mimi nilibeba maji. Sijawahi kuona sakafu inayopangwa kwa hasira ikatoka imenyooka vile: mteremko mdogo kuelekea tundu la maji, usioonekana kwa jicho, lakini mimina kikombe cha maji pembe yoyote nayo yanakwenda yenyewe. Alhamisi Bwana Afya alimimina kikombe. Akatia sahihi akiwa amesimama. Wiki ileile nilizalisha mtoto wa kwanza juu ya vigae vile, msichana wa Ngana, nikaosha damu kwa ndoo mbili za maji na sakafu ikawa nyeupe. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa na kitu ndani yake kilichonichoma.

Kilichofuata kwa Fundi nilikisikia kwa vipande. Walimpachika jina, Mzika-Walio-Hai. Lilianza kwa utani vilabuni na sokoni. Lakini utani wa kifo kwetu una mahali pa kuishia, na huo ulivuka. Familia moja Mwaya ilimwita fundi mwingine kwa mara ya kwanza, wakisema Fundi ana mkosi, amembebea kaburi mtu aliye hai. Kisha nyingine. Kanisani wakampa mwingine kusoma neno, kwa kumhurumia macho. Yeye akakaa kwenye benchi akasikiliza neno likisomwa vibaya. Wakati wote huo neno moja kutoka kwangu lingeyamaliza. Nilikuwa na zahanati iliyojaa, nilikuwa Sista anayeheshimiwa, na kila wiki nilijiambia kwamba nitasema. Mtu aliyemlaani mwenzake kwa kusema kesho alikuwa ameshakuwa hodari wa kesho kuliko yeye.

Hakupita tena nyumbani. Mama kila mavuno alimpelekea debe la mchele kwa watu wa Busale, na alilipokea, na alirudisha salamu kwa mama peke yake.

Mama aliondoka miaka mingi baadaye, kitandani kwake, mchana, akiwa ameshika mkono wangu. Sikumtuma mtu wala kuandika. Nilimwacha na ndugu nikapanda gari hadi njiapanda ya Busale, nikatembea. Nilimkuta Fundi ameketi mbele ya nyumba yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mikono ameiweka magotini, viganja juu. Saruji ilikuwa imekula ngozi ya vidole mpaka vinang'aa, na havikunyooka tena. Dada yake alikuwa ndani, sauti yake niliisikia.

"Mugonile, tata."

"Ndaga. Karibu, Sista."

"Mama ameondoka. Leo saa sita."

Alinitazama usoni kwa makini, bila ubaya wowote, namna alivyokuwa akitazama mstari wa vigae.

"Safari hii ni kweli?"

"Ni kweli, tata."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi pole. Mimi kazi siwezi tena, unaiona mikono." Akaongeza, "Mama yako nilishamlilia. Siku ile kutoka hapa mpaka kwako nililia njia nzima, nikaanguka na baiskeli mara mbili. Dada yangu ni shahidi. Sijui kama yamebaki machozi mengine."

Nilipaswa kupiga magoti pale. Badala yake nilisema ndaga, nikageuka, kwa sababu mwili ulikuwa nyumbani unaningoja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Kaburi alilijenga kijana mmoja aliyesomea ufundi Mbeya, harakaharaka, maana palikuwa na dalili ya mvua. Siku ya maziko watu walijaa mpaka barabarani, wengi wakiwa ni kina mama niliowazalisha. Tulipofika shimoni nilimuona Fundi. Alikuwa amekuja na dada yake, koti lilelile jeusi, likimpwaya mabegani. Alisimama upande wa miguuni mwa kaburi, macho makavu. Watu wote walikuwa wanalia, na mtu asiyelia maziko ya kwetu anaonekana kutoka mbali.

"Mtazame yule," alisema mwanamke nyuma yangu, hakujali kupunguza sauti. "Alimzika akiwa hai. Kala mchele wake miaka yote. Leo mama wa watu amekufa kweli, naye hata chozi hana."

"Mkosi ule," mwingine akajibu. "Si ajabu yeye ndiye aliyemwanzishia safari."

Fundi alisikia. Niliona kidevu chake kikisogea kidogo, kisha kikatulia. Alikuwa amezoea.

Mchungaji alikuwa amefungua kitabu. Nilimshika mkono nikamwomba angoje. Nikageukia watu. Sauti yangu niliyozoea kuamrishia wazazi wasukume ilitoka ndogo, ikabidi nianze mara mbili.

"Barua ile niliiandika mimi," nilisema. "Fundi aliisoma sawasawa. Niliandika kwamba mama amekufa, akiwa hai, mbele ya macho yangu, ili nipate sakafu. Yeye akajitia upofu kunifichia. Chozi mnalomdai alilitoa siku ile, njia nzima. Anayedaiwa ni mimi."

Vilio vilikatika. Nilisikia hata wale wa barabarani wakiulizana nimesema nini, na wengine wakiwarudishia. Shemeji yangu alitazama chini. Yule mwanamke nyuma yangu alikuwa mmoja wa niliowazalisha, na alisogea mbali nami hatua moja. Nilimtazama Fundi, nikitaka kitu chochote, hata anitemee mate.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amejiinamia anatazama ndani ya kaburi.

"Kona ya miguuni imeachwa wazi," alisema. "Maji yatampata."

Kijana wa Mbeya alianza kujitetea, akanyamaza mwenyewe. Fundi alimpa dada yake koti. Alivua viatu, akavipanga juu ya ukingo wa udongo, na wanaume wawili wakamshika makwapa wakamteremsha. Dada yake alikuwa ameshafika kwenye saruji iliyobaki, anachanganya. Fundi alipewa mwiko, ukaanguka. Akapewa tena, akaushika kwa mikono yote miwili. Mvua ilianza kudondoka, wabeba jeneza wakalishusha chini kupumzisha mabega, na wote tuliokuwa pale tulisubiri mpaka alipomaliza.